Baħrija si kijiji cha mabaharia

Mswahili akilikuta jina Baħrija kwenye ramani ya Malta, jicho linakimbilia "baharia". Shina kweli ni moja, ila hapa hakuna bandari wala jahazi. Ni kijiji kidogo cha wakulima, magharibi ya mji wa Rabat wa hukohuko Malta, kimekaa juu mlimani.

Kimalta kimezaliwa na Kiarabu, kikavikwa herufi za Kilatini. Kanisa kwao ni knisja, ishirini ni għoxrin, bahari ni baħar. Ukitia -i unapata baħri, yaani "-a bahari", na umbo lake la kike ni baħrija (Kimalta hugawa majina ya vitu kuwa ya kiume na ya kike, na sifa hufuata jinsia ya jina). Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanatafuta mtu, kumbe ni sifa tu, na kilichosifiwa kimedondoka njiani. Kisingekuwa kijiji, maana raħal, yaani kijiji, ni neno la kiume. Ndiyo maana pia hakuna Ħal mbele, ule mkato wa raħal unaoonekana katika majina ya vijiji kama Ħal Millieri. Ardhi (art) na chemchemi (għajn) zote ni za kike. Mimi naegemea ardhi: eneo lilipata jina kwanza, nyumba zikafuata.

Ukilisaka jina kwenye faharasa, tazama herufi B, kwani il- inayotangulia jina, Il-Baħrija, ni kiambishi tu, kama al- ya Kiarabu. Na usilichanganye na Baħar iċ-Ċagħaq, iliyoko upande wa pili wa kisiwa.

Watu walikuwapo kabla ya Kiarabu kufika. Karibu na kijiji kuna Il-Qlejgħa, "kiboma", mlima wenye kichwa bapa na kingo za majabali. Jina limekaa sawasawa, kwani wakazi wa Zama za Bronzi walipachagua kwa kujilinda. Mwanaakiolojia Mwingereza T. E. Peet alichimba hapo mwaka 1909. Vyungu vyeusi vilivyochanjwa mistari ya kupindapinda vinafanana na vya Calabria, kusini mwa Italia, na wanaakiolojia wameipa jina la Baħrija awamu nzima ya takriban 900 hadi 700 KK.

Kilichowaweka watu ni maji. Juu kuna mawe ya chokaa yanayopitisha mvua. Chini yake udongo wa mfinyanzi wa rangi ya buluu, usiopitisha. Maji yakishuka hukwama juu ya mfinyanzi, yakatafuta upenyo na kuchuruzika ubavuni mwa bonde. Katika kisiwa kisicho na mto hata mmoja wa maana, hiyo ni mali. Kijito cha bonde la Baħrija kina kaa wa maji baridi, qabru, aliyebaki katika mabonde machache tu na analindwa kisheria. Mashamba yakivuta maji kupita kiasi wakati wa kiangazi, yeye ndiye wa kwanza kukaukiwa.