Slaidi ya 41: kimeonekana!

Jana saa nne usiku nilikiona. Leucocytozoon, kimelea cha damu ya ndege kilicho jamaa wa malaria, bila shaka yoyote, katika damu ya bata harlequin (bata wa baharini anayezaliana mitoni) dume aliyekamatwa Prince William Sound, Alaska, akiwa amepukutisha manyoya ya mabawa hawezi kuruka. Seli iliyovamiwa imevutika ncha mbili kama mtumbwi, kiini chake kimebanwa ubavuni, na hakuna hata chembe ya ile rangi ya kahawia inayoachwa na malaria. Nilimwamsha mke wangu aje achungulie.

Slaidi 40 za mwanzo ni za kutupa, na sasa najua kwa nini.

Nimesoma slaidi za malaria Tanga miaka tisa, nikaja na mazoea yangu. Tone nene kwa ndege halifai kitu: seli zao nyekundu zina viini, ukizipasua kwa maji unabaki na uwanja wa madoa ya zambarau. Sawa, nikahamia tone jembamba. Hapo ndipo niliposota. Ufukwe ule hewa yake imelowa muda wote, damu inakauka taratibu, seli zinakunjamana na kuota vitobo vinavyong'aa, na jicho lenye hamu huviona vimelea. Nilibadilisha Giemsa, rangi ya kupakia slaidi, mara tatu. Nikapima pH ya bafa, maji ya kuchanganyia rangi: 7.2, sawasawa. Nikafungua methanoli mpya, maana ya zamani hunywa unyevu. Wapi! Nilikuwa napigana na rangi huku slaidi imeshaharibika palepale ufukweni, dakika ileile ya kuchoma sindano. Tena damu ikipoa na kukutana na hewa, vimelea vya kijinsia huanza kujiviringa kana kwamba vimefika tumboni mwa mdudu. Ukichelewa, umbo limepotea.

Dawa ni feni ndogo ya betri. Sekunde kumi, imekauka. Kikaushio cha nywele msiguse, joto linaua seli.

Najua wa PCR, wanaosaka DNA ya kimelea kwa kuizidisha maabara, watasema hadubini ya nini. Naiheshimu PCR, na mbinu ya PCR ya vimelea vya ndege aliyoitoa Hellgren na wenzake 2004 bado naiamini. Lakini kipande cha saitokromu b, jeni inayosakwa na mbinu hiyo, kinakwambia DNA ya kimelea imo, hakikwambii kama kimelea kimekomaa kiasi cha kumwambukiza mdudu. Slaidi inakuonyesha.

Mpango ulikuwa kuanza PCR wiki hii. Umesimama, kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi. Leucocytozoon huenezwa na usubi, jamii moja na wale wa upofu wa mtoni kule Mahenge, na viluwiluwi vyake huishi kwenye maji baridi yaendayo kasi. Baharini hakuna. Basi dume huyu aling'atwa na usubi huko mtoni, kabla majike hawajaanza kuatamia na madume kurudi pwani. Na mtoni harlequin hula nini? Viluwiluwi vya usubi! Kwenye Mto Laxá wa Iceland ndicho chakula chao kikuu. Bata anammeza, angali kiluwiluwi, mdudu yuleyule ambaye akikua humwachia kimelea.

Nimeshashona wavu wa kunasia usubi wazima. Mirija ya PCR imerudi kwenye friza.