RAV4 ya 1997: breki zimekula dola 229

Breki za gari yangu, Toyota RAV4, zimekamilika, mbele na nyuma. Mwanzoni nilitenga dola 60, maana kila niliyemuuliza hapa Bukavu alinitajia hesabu ileile: plaketi za mbele (vile vibao vinavyobana diski ili gurudumu lisimame), mkono wa fundi, basi. Nimefika 229 na sijutii hata moja. Naandika pesa ilikokwenda kwa sababu wenye magari ya umri huu wengi huishia kwenye plaketi, na kwangu plaketi nzuri zilikuwa dola 30 tu.

Dalili zilikuwa mbili. Ukikanyaga, gari ilivuta kushoto. Na nikishuka kutoka Kadutu kuja mjini, rimu ya mbele kushoto ilikuwa ya moto kiasi kwamba mkono haukai, ilhali ya kulia ilikuwa vuguvugu.

Tulianza na gurudumu la mbele la kulia. Fundi alipotoa plaketi akaziweka juu ya gunia, moja pembeni ya nyingine: ya ndani imefika kwenye chuma, ya nje ina nusu ya unene wake. Jibu lote lilikuwa hapo. Kalipa, yaani kifaa kinachosukuma plaketi zibane diski, katika gari hii hutembea juu ya pini mbili; pini moja ikishika kutu, kalipa haisogei, na plaketi ya upande wa pistoni hubeba kazi peke yake. Ningefunga plaketi mpya juu ya pini ile, nazo zingelika vilevile. Pini zilisuguliwa mpaka zikateleza kwa kidole, zikapata mpira mpya wa kuzuia vumbi na grisi inayostahimili joto: dola 7. Hii ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote, na naona ndiyo inayorukwa zaidi.

Kushoto, kosa lilikuwa kwenye mpira wa bomba unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa. Kwa nje ulionekana mzima. Kwa ndani umevimba: mguu unasukuma mafuta yapite, ukiachia hayarudi upesi, breki inabaki imeshika. Nilinunua yote miwili ya mbele, dola 20, kwani wa kulia una umri uleule.

Diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na plaketi, ndizo zilizouma mfuko. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Futa kutu utausoma. Zangu zilikuwa zimeshapita chini yake. Nilipewa ushauri wa kuzikereza, lakini kukereza ni kupunguza chuma, na chuma ndicho kilichokuwa kimekwisha. Za okazio, yaani zilizokwisha tumika, zilikuwepo kwa dola 40. Mama wa duka aliniambia wazi, «Papa, hizi hazijapimwa, ni wewe na bahati yako.» Nikachukua mpya, dola 80 zote mbili. Noti moja ya 20 ilirudishwa kwa ajili ya mchaniko mdogo pembeni, ikabidi nimalizie kwa franka.

Nyuma kuna tamburi, yaani ngoma ya chuma; ndani yake silinda ndogo ya gurudumu husukuma viatu viwili vya breki vishike ngoma. Kunja kidogo ule mpira wa vumbi wa silinda ya gurudumu: ukikuta majimaji, silinda inavuja. Zote zilivuja, na viatu vya upande mmoja vilikuwa vimelowa mafuta. Viatu vilivyolowa havioshwi vikapona, na huwezi kubadilisha upande mmoja tu. Silinda mbili dola 24, viatu dola 25. Vumbi la ndani hatukulipuliza kwa mdomo wala kwa kompresa. Tulilowesha kwanza, maana breki za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Mafuta ya breki yanahitaji maneno zaidi, hasa katika mji huu wa vilima. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani hata ukiacha gari imelala. DOT 3 (DOT na namba yake ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Ikishaingiwa na maji ya asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka hutoa povu la mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inazama, gari inaendelea. Fikiria anayeteremka mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira. Ziwa Kivu liko mita kama 1,460 juu ya bahari, Tanganyika kama 770. Tofauti hiyo yote inageuka joto ndani ya breki zako usipoizuia kwa gia ndogo. Niliweka DOT 4, ambayo ikiwa mpya inaanzia nyuzi 230 na inachanganyika na DOT 3. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye kamwe. Lita moja: dola 8.

Wakati wa kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, fundi alinizuia: «Papa, tuweke kwanza ubao chini ya pedali.» Silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, ikiwa ya zamani huwa na kutu na uchafu pale pistoni isipofika kila siku; ukikanyaga mpaka mwisho, mipira ya ndani inaweza kuchanika. Usukani wa gari yangu uko kulia, silinda kuu pia, kwa hiyo tulianzia gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali zaidi. Mafuta ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Tuliendelea mpaka yakatoka safi, bila povu. Mkono wa fundi: dola 35, na alistahili.

Plaketi nilizizoesha upande wa Kavumu, barabara ilikotulia: kutoka mwendo wa 50 hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, kisha naziacha zipoe, narudia. Sasa gari inasimama imenyooka na rimu zote mbili za mbele zina joto sawa.

Imebaki breki ya mkono. Waya wake umelegea na hauishiki gari kwenye mwinamo wa nyumbani, kwa hiyo bado naweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nimetajiwa dola 18. Nitaufunga mwisho wa mwezi.