Plagi Zilizotudanganya

Ilikuwa Porsche 911 SC ya 1982, injini ya lita 3.0, yenye K-Jetronic, mfumo wa kuingiza petroli kwenye injini kwa nozeli badala ya kabureta. Asubuhi iliwaka mara moja, kisha ikaanza kutetema: inamisi, inakohoa kupitia njia ya hewa, ukigusa mafuta inataka kuzima. Dakika tatu nne baadaye, injini ikishapata joto, yote yanakwisha na inanguruma vizuri kana kwamba haikuwa na lolote.

Fundi aliyenitangulia alifungua plagi akazikuta nyeusi tii kwa masizi. Akahukumu kuwa mafuta yamezidi. Nami nikamwamini siku nzima: nikachomoa nozeli ya kuwashia baridi, nikaiingiza kwenye chupa nione kama inavuja. Kavu. Kile kikohozi kilipaswa kunizindua mapema, maana injini inayokoholea juu huwa na njaa ya mafuta. Tena kwa 911 za aina hii si jambo la kuchezea. Kikohozi kimoja cha namna hiyo, ambacho ni mlipuko unaorudi nyuma, kinaweza kupasua boksi la plastiki la hewa.

K-Jetronic ya gari lile haikuwa na kompyuta. Hewa inayovutwa na injini inainua sahani, sahani inasukuma pistoni ndogo ndani ya distributa ya mafuta, inayogawa petroli kwa kila nozeli, na juu ya pistoni kuna presha ya kudhibiti inayoikandamiza. Presha hiyo ikiwa ndogo, sahani inapanda kirahisi na mafuta yanaongezeka. Kazi ya kuishusha wakati wa baridi ni ya regyuleta ya joto, kidude chenye ukanda wa metali mbili na waya wa umeme wa kuupasha.

Nilifunga geji yenye vali kati ya distributa na regyuleta, vali ikikaa upande wa regyuleta, nikaliacha gari lilale. Hapa hakuna njia ya mkato: kipimo cha baridi unakipata mara moja kwa siku. Asubuhi, nyuzi 20, nikachomoa soketi ya umeme ya regyuleta isipate joto, kisha nikatoa rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta na kuunganisha matundu yake kwa waya ili pampu izunguke bila injini. Vali imefungwa: bar 4.8 (bar ni kipimo cha presha), presha ya mfumo ni nzima. Nikaifungua: 2.9. Jedwali la regyuleta ile lilitaka takriban 1.5. Presha ya kudhibiti ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo injini baridi ilinyimwa mafuta. Na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa, waya wa kupasha haukuwa na hatia.

Kwenye tundu la kuingilia mafuta la regyuleta kuna kichujio cha wavu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kilizibwa na utando wa kahawia unaonata, ule unaoachwa na petroli iliyolala tankini muda mrefu. Mafuta yasipopita pale, presha haina pa kushukia. Nikakiloweka katika dawa ya kusafishia kabureta, nikakipuliza kwa hewa kutoka upande wa nyuma. Kesho yake geji ilisoma 1.6, na injini ikatulia tangu sekunde za mwanzo.

Na zile plagi? Mtu alikwisha kukaza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenda kulia, upande wa kuongeza mafuta, kwa ufunguo wa Allen wa milimita 3, ili injini isife asubuhi. Ikipata joto inazidiwa, plagi zinachafuka. Aliyezisoma alisoma dawa, si ugonjwa.

Kabla ya kuirudisha skrubu hiyo mahali pake nilifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Ilitaka kuzima papo hapo, ndivyo inavyotakiwa. Isingeyumba, ningejua kuna hewa inayoibwa mahali pengine, pengine kwenye oringi za nozeli. Kisha, injini ikiwa moto na kipima CO (gesi ya moshi inayoonyesha kama mafuta yamezidi) kwenye bomba la moshi, nikazungusha skrubu kushoto kidogo kidogo, nikitoa ufunguo kila mara kabla ya kukanyaga mafuta. Jumla haikufika robo ya mzunguko.

Plagi mpya nilizifungua wiki mbili baadaye. Zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, zote sita.