Vitufe vya Mtambo wa Barafu

Wakati wa masika ya mwaka 2014 niliitwa pamoja na ami yangu, ambaye ndiye aliyenifunza ufundi wa umeme, kwenda Wete, kisiwani Pemba, kuutazama mtambo uliokuwa ukiwapatia wavuvi barafu. Vitufe vya paneli yake vilikuwa havifanyi kazi. Wakala alikwisha kumwambia mwenye mtambo kwamba paneli za aina ile hazitengenezwi tena na kwamba kidhibiti chote kibadilishwe, jambo lililohitaji fedha asizokuwa nazo. Waendeshaji walikuwa wakikibonyeza kitufe cha kuwashia kompresa kwa mpini wa bisibisi, hata ngozi yake ya juu ikachanika.

Ami hakuwa mtu wa kuhukumu kifaa kabla ya kukipima. Tulikata umeme, tukaitia kufuli swichi kuu, tukasubiri kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, zimalize chaji, kisha tukafungua. Mpira wa kuzibia mlango wa paneli ulikuwa umekauka na kupasuka, na hewa ya chumvi ilikuwa imeziotesha pini kutu ya kijani. Tulipozisafisha, alirudisha umeme wa kuongozea wa volti 24 peke yake, ule wa kompresa ukiwa bado umekatwa, akaziunganisha kwa kipande cha waya pini mbili za kitufe cha kuwashia. Kontakta, swichi ya sumaku inayoiwasha kompresa, ikavuta papo hapo. Kidhibiti hakikuwa na ila yoyote.

Tukageukia vitufe vyenyewe. Chini ya kila kitufe cha mpira mna kidonge cheusi cha kaboni, ambacho kikishuka huziunganisha njia mbili za bodi. Multimita ilionyesha omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, zisizofika 200 katika vitufe visivyotumiwa sana. Katika kile cha kuwashia ilionyesha maelfu, na tarakimu hazikutulia. Tulivifuta vidonge na njia zake kwa pamba na spiriti ya aizopropili. Msasa ami aliukataza, kwa kuwa hukwangua kaboni yenyewe na kuumaliza mguso uliobaki. Vingi vilirudi, lakini kidonge cha kuwashia kilikuwa kimelika hadi kung'aa. Nilikata kwa wembe kidonge cha kitufe cha kujaribia taa, kisichokuwa na kazi kubwa, nikakigandisha mahali pa kile kilicholika kwa gundi ya silikoni, nikihakikisha kuwa gundi haigusi uso wake.

Wakati nikifanya hivyo, ami aliona kwamba kitufe chekundu cha dharura kilikuwa kimepitwa kwa waya, hata kikibonyezwa kisikate umeme.

"Nani kafunga waya huu?"

"Kitufe kilikuwa kikituzimia mtambo kila mara, Mzee," mwendeshaji alijibu.

Miguso ya kitufe hicho hukaa imefungwa, yaani imegusana na kupitisha umeme, ili waya ukikatika au mguso ukiachia mtambo usimame; kukipita ni kuwanyima watu kinga ya mwisho mkono unaponaswa na mkanda. Hapo ami, mtu mpole kuliko wote niliowajua, alikataa katakata kuuwasha mtambo. Tukaagiza mguso mpya Unguja, ukaja kwa meli, na barafu ikachelewa. Wavuvi walilalamika, nami naona hadi leo kwamba alikuwa na haki.

Tulipoufunga mguso huo, tulibadilisha pia mpira wa mlango. Mwendeshaji aliwasha kompresa kwa kidole, na ami akamtaka akibonyeze kile chekundu huku ikizunguka. Ikasimama. Ndipo akatia saini daftari la mtambo.