Sabuni haikadiriwi kwa jicho

Nyumbani kwetu Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, sijawahi kuona mtu akipima chumvi. Mama huchota kwa vidole vitatu, anatia chunguni, na mtori wake haujawahi kuharibika hata siku moja. Mimi nami nimepika hivyo tangu utotoni. Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza sabuni ya kipande hapa nyumbani Pasua, mjini Moshi, niliianza kwa mkono ule ule wa kukadiria.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi, katikati ya masika. Nilikuwa na lita moja ya mafuta ya alizeti kutoka soko la Mbuyuni, kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) kwenye kopo, glavu, miwani ya kukinga macho, na sufuria niliyozawadiwa kwenye kichenpati yangu. Jambo moja nilikuwa nimelishika vizuri: kostiki hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Hilo nilifuata. Nisichojua ni kwamba sufuria zetu hizi nyepesi ni za alumini, na kostiki huila alumini.

Maji yalianza kutoa sauti kama mafuta ya kukaangia samaki. Povu likapanda, likawa la kijivu, kisha jeusi. Gesi inayotoka hapo ni haidrojeni, na haidrojeni hushika moto. Hatua mbili tu kutoka nilipokuwa kulikuwa na jiko la mkaa lenye maharage ya mchana. Sufuria sikuigusa. Nilibeba jiko, maharage yakiwa juu yake, nikalitoa hadi barazani, nikafungua milango na madirisha yote. Baba watoto aliporudi alikuta maharage yanachemka barazani, mvua inanyesha, na mkewe amesimama pembeni na glavu mikononi na miwani usoni. Aliuliza swali moja tu: "Tunahama?"

Tangu siku hiyo kostiki yangu naichanganyia kwenye ndoo ngumu ya plastiki. Sufuria ya chuma cha pua nayo inafaa. Ndoo yangu nimeiandika kwa rangi nyekundu na haipiti mlango wa jikoni.

Jumamosi iliyofuata nilianza upya na lita nyingine ya alizeti, na hapa ndipo jicho liliponiponza. Hesabu ya kilo moja ya alizeti, ukiacha asilimia 5 ya mafuta yasigeuke sabuni ili ngozi isikauke, ni kama gramu 127 za kostiki. Nikapima 127 sawasawa kwenye mizani ndogo ya betri. Mafuta sikuyapima, maana niliona lita ni kilo. Si kweli. Maji ndiyo lita yake ni kilo. Lita ya mafuta ni kama gramu 920 tu, kwa sababu mafuta ni mepesi, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Gramu 920 za alizeti, hata zote zikigeuka sabuni, zinaweza kula kama gramu 123 za kostiki, basi. Zile 4 zilizobaki hazikuwa na mafuta ya kula, zikabaki ndani ya sabuni zikingoja mikono yetu.

Gramu 4 hazijazi hata kijiko cha chai. Lakini nilipogusisha ncha ya ulimi kwenye kipande, baada ya wiki nzima, kilinichoma kama mtu aliyelamba betri ya redio. Hicho ndicho kipimo cha zamani cha watengeneza sabuni, na nawaambia kinafanya kazi.

Sabuni yenyewe ilikuwa laini kama siagi. Alizeti peke yake haigandi vizuri, na hewa ya masika ilikuwa imejaa unyevu. Gliserini iliyomo kwenye sabuni huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo kila asubuhi vipande vilikuwa vimetoka jasho. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho kutusalimia, akavibonyeza kwa kidole kimoja kimoja, akasema, "Mwanangu, hizi bado zinaumwa homa." Akanishauri nitumie magadi, kama ya kulainishia maharage. Nilimweleza kwa heshima kwamba magadi na kostiki ni ndugu, vyote vina sodiamu, lakini magadi ni mpole mno, hayana nguvu ya kuyageuza mafuta haya yote kuwa sabuni. Alifikiri kidogo, akaniambia kumbe hata kwenye koo za kemikali kuna ndugu mkali na ndugu mpole.

Sasa nachanganya mafuta: gramu 600 za mawese ya Kigoma kwa ugumu, 250 za nazi kwa povu, 150 za alizeti kwa ulaini. Kostiki gramu 143, maji 300. Kila kitu kinapita kwenye mizani, hata maji. Mawese mekundu yanaipa sabuni rangi ya machungwa ambayo naipenda sana. Vipande vinakaa darini wiki sita, vimepangwa kwa nafasi ili hewa ipite.

Lakini sabuni inayozungumzwa zaidi kwenye jumuiya yetu ni ile ya karafuu. Wifi yangu alirudi kutoka Zanzibar na kichupa cha mafuta ya karafuu, nikaona nimepata harufu ya kifalme. Kwa kawaida, ukishachanganya mafuta na maji ya kostiki, unakoroga mpaka mchanganyiko uwe kama uji, ukidondosha tone juu lina­acha alama, ndipo unamimina kwenye maboksi ya maziwa yaliyofunguliwa ubavuni. Nilitia karafuu, nikazungusha mwiko mara tatu. Ya nne haikuwezekana. Karafuu huharakisha sabuni kuganda kuliko manukato mengine mengi, na mimi nilikuwa nimetia mengi, kwa jicho. Niliuachia mwiko, ukabaki umesimama wima peke yake katikati ya ndoo.

Nikafanya anachofanya Mchaga yeyote na Mtanzania yeyote akikutana na kitu kama hicho: nikasonga. Nikabana ndoo kwa miguu, nikasonga ile sabuni kama ugali wa harusi, nikaikandamiza kwenye maboksi kwa ngumi zenye glavu. Jirani wa mlango wa pili alichungulia, akauliza kwa nini ugali wangu unanukia pilau.

Ilitoka na mabonde na mashimo, haina sura. Baada ya wiki sita niliigusa kwa ulimi, ikawa kimya. Povu lake lilikuwa zito, harufu ya karafuu imetulia. Vipande vyote 11 viliisha kwa siku mbili, na mama mkwe alichukua vitatu.

Mwezi wa saba mama yangu alikuja kunisaidia. Baridi ilikuwa imeshuka kutoka mlimani na mafuta ya nazi yalikuwa yameganda ndani ya kopo, meupe kama samli. Nikaweka bakuli juu ya mizani, nikamwambia, "Mama, tunataka 250." Alichota mara moja, mara mbili, kwa jicho lake lile la mtori, akaweka mwiko chini kwa uhakika. Mizani ikasoma 262. Nikanyamaza, maana sikuona namna ya kumsahihisha mama kwenye mkono ulionifundisha kupika. Akavaa miwani yake, akainama, akasoma tena. Kisha akachukua kijiko cha chai, akaanza kurudisha mafuta kwenye kopo, kidogo kidogo, na kila akirudisha anaangalia namba. Ilipofika 250 aliniita niende nikaone.