Jina lililobaki kwenye kona ya picha

Kwa siku kadhaa nimekuwa nikimfikiria marehemu David Munyakei, yule karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona mabilioni ya shilingi yakilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na machimbo ya almasi. Alizifikisha nyaraka kwa wabunge wa upinzani, na kashfa ya Goldenberg ikaanikwa. Yeye mwenyewe alikamatwa mwaka 1993, akafunguliwa mashtaka chini ya sheria ya siri za serikali, na hata mashtaka yalipoondolewa hakurudishwa kazini. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara.

Tumezoea kusema kwamba laiti Munyakei angekuwa na simu na intaneti, angeituma siri yake bila kujulikana akaendelea kula mshahara wake kwa amani. Mimi naona kinyume chake. Mwaka 2017 kule Marekani, Reality Winner alichapa ripoti ya siri kuhusu udukuzi wa Warusi katika uchaguzi, akaituma kwa posta kwenye chombo cha habari. Waandishi, kwa nia ya kuihakiki, waliionyesha nakala yao serikalini. Mikunjo ya karatasi ikaonyesha kwamba ripoti ilikuwa imechapwa, na kumbukumbu za mfumo zikaonyesha kwamba waliowahi kuichapa walikuwa watu sita tu. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu. Makosa yake mwenyewe yapo, lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba karatasi ilikuwa imekwisha kufika kwenye mikono aliyoiamini.

Ndiyo maana swali linalonisumbua si ujasiri wa mfichua uovu, kwa kuwa huo wachache wamejaliwa na hatuwezi kuagizana, bali ni wajibu wetu sisi tunaopokea. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Dar es Salaam Desemba 2016 baada ya kukataa kulikabidhi jeshi la polisi taarifa za watumiaji wake, na mwaka 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, ikamtoza faini ya shilingi milioni 3. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo iliyotumika. Yeye hakufichua chochote. Alishikilia majina ya watu wengine tu, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko kufichua, kwa sababu halina makofi.

Sisi wengine hatufikishwi Kisutu, ila kila siku tunapewa mtihani huohuo kwa kipimo kidogo. Katika kundi letu moja la WhatsApp iliingia picha ya voucha ya malipo kutoka ofisi fulani, imepigwa moja kwa moja kutoka kwenye skrini ya kompyuta. Wote walikimbilia tarakimu, na kwa kweli tarakimu zilistahili kelele. Kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la mtumiaji aliyefungua mfumo, pamoja na saa na dakika. Nilimwandikia faraghani ndugu aliyeituma, nikamwomba aifute, kisha akipenda aziandike upya tarakimu zile kwa mkono wake. Aliniuliza kama nimeanza kuwatetea wezi. Nilimweleza kwamba mwizi jina lake halimo kwenye picha ile, lililomo ni la karani.

Aliifuta baada ya muda, lakini jioni hiyohiyo picha ilinifikia tena kutoka kwa binamu yangu wa Tanga, kona yake ikiwa vilevile, na juu yake kukiwa na alama kwamba imesambazwa mara nyingi.