Mshale Haupo, Uliza Njia

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 15. Likizo hii amekuja kukaa nami hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na usiku wa kwanza tu akaniomba nimwekee gemu ya kompyuta niliyokuwa nikiicheza nilipokuwa rika lake. Nikamwekea Morrowind, ya mwaka 2002. Haikupita robo saa, huyo kaja jikoni nami niko juu ya mbuzi nakuna nazi.

"Shangazi, gemu yako imeharibika. Sioni mshale wa kunionyesha niendako."

Hauoni kwa kuwa haumo. Morrowind inakushusha melini ukiwa mfungwa aliyeachiliwa, katika kijiji kiitwacho Seyda Neen, ukapewa kifurushi na agizo: nenda Balmora, mtafute Caius Cosades. Basi. Ukitaka, kuna mdudu mkubwa wa miguu mirefu, unalipa nauli anakupeleka, kama matatu. Ukifika Balmora unaingia kilabu cha pombe kumuulizia mtu wako, na huko ndiko unakoelekezwa nyumba yake. Gemu nzima inakwenda hivyo. Mtu anakwambia ufuate mto mpaka darajani, upinde, utaona pango chini ya mwamba. Kushika maneno yake ni juu yako.

Nikaenda kumtolea daftari langu kabatini. Ni la kurasa 96, jalada limeliwa na mende kwenye pembe, na wino wa buluu umetoka upande wa pili wa karatasi. Mna ramani nilizochora kwa mkono, majina ya watu na walichoniambia, na kando ya pango moja nimeandika kwa herufi kubwa: USIINGIE BILA DAWA. Akalifunua taratibu, kurasa kwa kurasa, bila kusema kitu.

Sisi watu wa Mji wa Kale gemu hiyo tuliielewa upesi. Huku nyumba ya mtu huitafuti kwa jina la barabara. Unaambiwa pita Msikiti wa Mandhry, ukiona baraza fulani ulizia kwa anayeuza mahamri. Na yule wa mahamri hakuelekezi hivi hivi. Utasalimiwa, utaulizwa wewe ni mtoto wa nani, utajua na nani amefiwa na nani anaoza. Unafika umechelewa lakini mtaa umeshaujua.

Mwaka 2006, kampuni ile ile iliyotengeneza Morrowind ikatoa gemu ya Oblivion, na chini ya skrini pakawa na dira yenye alama: fuata hapa. Watu wakafurahi, na siwalaumu. Anayetoka kazini saa moja usiku hana muda wa kuzunguka vilimani akitafuta pango. Lakini mimi niliona nimeacha kusoma. Mtu akizungumza nabofya ili amalize, kwani alama itanipeleka tu. Maneno yote yale mazuri waliyoyaandika yakawa kelele.

Hata hivyo, sitetei kila cha kale. Morrowind ilikuwa na jambo lililoniudhi tangu siku ya kwanza: upanga unauona kwa macho yako ukipita mwilini mwa adui, kumbe dadu za ndani, yaani bahati nasibu inayopigwa na kompyuta, zimeshaamua umekosa. Dadu hizo zimerithiwa kutoka Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, iliyochezwa mezani. Pale mezani upanga wenyewe huuoni, kwa hiyo dadu ikisema umekosa, unakubali. Ukishaletewa upanga mbele ya macho, dadu inakuwa uongo. Oblivion ililiondoa hilo na ilifanya vyema.

Halafu kuna Disco Elysium ya mwaka 2019, kazi ya watu wa Estonia. Wao walithubutu kuondoa mfumo mzima wa mapigano, kitu kilichokuwamo katika gemu za aina hii tangu Wizardry na Ultima za mwaka 1981. Ungedhani wameua gemu. Badala yake una vipaji 24 vinavyokusemesha kichwani, vingine vikikudanganya, na dadu mbili zinaamua kama umefaulu. Kazi yako ni kuuliza watu na kusikiliza. Mimi niliona hawa wameshika mila ya gemu hizi kuliko wale waliobaki na panga na mashujaa wakaongeza mshale.

Nilitaka kumweleza kijana haya yote, nikaona nimwache acheze. Usiku wa pili alilalamika. Wa tatu stima ikapotea, akakaa na tochi ya simu akilisoma daftari. Jana nilipoamka alfajiri kuchukua udhu nikamkuta bado yuko macho, kalamu nyekundu mkononi. Kwenye ramani yangu ya Balmora ameongeza vichochoro viwili nisivyovichora, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala, ameandika jina la aliyemwambia.